Historia ya Tamthilia Mjini Lubumbashi: Majumba au Michezo?

Utangulizi

Katika kusahihisha kazi za wanafunzi hapa Likasi nimekutana mara tatu na sentensi moja, iliyoandikwa kwa maneno yanayokaribiana, kwamba sanaa ya maonyesho ilianza mjini Lubumbashi mwaka 1956, ulipofunguliwa ukumbi wa michezo wa jiji. Tarehe ya ukumbi ni sahihi. Kosa limo katika neno "ilianza". Wanafunzi hawakulibuni kosa hilo. Wamelirithi kutoka kwa namna fulani ya kuandika historia ya tamthilia, ambayo huanza kwa kuuliza jumba la kwanza lilijengwa lini, lilijengwa na nani, na nani aliketi katika safu ya mbele. Makala haya yanakusudia kuhakiki namna hiyo ya kuuliza. Mfano wetu ni Lubumbashi, uliokuwa makao makuu ya Katanga tangu siku za ukoloni ulipoitwa Elisabethville, na ambao leo ni makao makuu ya jimbo la Haut-Katanga. Pale itakapofaa tutatupa jicho Nairobi na Kampala, kwani miji hiyo nayo ilipata majumba yake katika muongo uleule.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu istilahi. Wenzetu wa Dar es Salaam, hasa Penina Mlama, wametufundisha kuitenga tamthilia, yaani mchezo ulioandikwa kwa ajili ya jukwaa, na uwanja mpana wa sanaa za maonyesho, unaokusanya ngoma, majigambo, masimulizi na matambiko. Tofauti hiyo ina manufaa na sikusudii kuifuta. Lakini kwetu Panda, katika nyumba za wafanyakazi wa migodi nilimokulia, watu walisema "mchezo" tu, awe mchezaji ana kitabu mkononi au hana. Nitalitumia neno hilo mara nyingi, kwa sababu halimlazimishi mtu kuamua mapema kipi ni sanaa kamili na kipi ni maandalizi yake.

Jumba la 1956

Elisabethville ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, miaka minne baada ya kuundwa kwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Kama miji mingine ya Kongo ya Wabelgiji, uligawanywa kwa rangi. Upande mmoja ulikuwa mji wa Wazungu, upande mwingine mtaa wa Waafrika, na katikati ukaachwa ukanda wa ardhi usiojengwa. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuweza kuonekana usiku katika mji wa Wazungu bila hati ya kumruhusu. Jambo hili si la pembeni katika historia ya tamthilia. Michezo ya jukwaani, kwa desturi ya Ulaya, huchezwa usiku.

Jumba lenyewe ni kazi ya msanifu majengo Mbelgiji, Claude Strebelle, na lilikamilika mwaka 1956. Kama kazi ya usanifu lina wataalamu wake, na sina la kuongeza. Ninalolitazama hapa ni lugha na mahali. Lilisimama katikati ya mji wa Wazungu, likakusudiwa kwa ajili ya tamthilia na muziki wa Ulaya, na lugha ya jukwaa lake ilikuwa Kifaransa. Mkazi wa Kamalondo au wa Kenya (namaanisha Kenya ya Lubumbashi, wala si nchi ya Kenya) aliweza kulijenga, kulifagia na kulilinda. Ingekuwa kichekesho kusema kwamba sanaa yake ilianzia humo.

Yaliyolifika jumba hilo baadaye yanajulikana na kila apitaye katikati ya jiji. Liliitwa Jengo la 30 Juni, kwa kumbukumbu ya uhuru wa 1960, na katika karne hii limekuwa mahali pa vikao vya Bunge la Jimbo. Watani wa mji wamekwisha kusema yote yanayoweza kusemwa juu ya jukwaa lililogeuzwa bunge, nami sitawaongezea. Kwa mhakiki jambo zito ni kwamba historia inayofuata majumba ingelazimika kusimulia hapa kufunguliwa kwa pazia mwaka 1956, kisha kufungwa kwake wanasiasa walipochukua viti. Yaani mchezo ungekuwa na maisha mafupi mno mjini Lubumbashi. Ukweli ni kinyume kabisa.

Nairobi yatoa mfano unaofanana na usiofanana. Ukumbi wa Taifa wa Kenya ulifunguliwa Novemba 1952, majuma machache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari mwezi Oktoba. Ulisimama mbele ya hoteli ya Norfolk, ukatawaliwa kwa miaka mingi na michezo ya Kiingereza, hata baada ya uhuru. Mwaka 1976, ulipoombwa kwa ajili ya mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo juu ya kesi ya Dedan Kimathi, pamoja na ule wa Francis Imbuga uitwao Betrayal in the City, michezo hiyo miwili ilipewa siku nane tu kwa jumla, maana nafasi nyingine zilikwisha kuwekewa maonyesho ya kigeni. Mwaka uliofuata Ngũgĩ alikuwa Kamĩrĩĩthũ, akifanya kazi na wanakijiji waliojijengea jukwaa lao la wazi na kucheza kwa Kigikuyu. Serikali iliufuta mchezo wao Novemba 1977, Ngũgĩ akatiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka, na 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa.

Kwa hiyo Nairobi watu walipigania jumba, waliponyimwa wakajenga la kwao, nalo likabomolewa. Kampala, jumba la taifa lilifunguliwa 1959, lakini Wycliffe Kiyingi alikwisha kuunda kundi la kucheza kwa Kiganda mwaka 1954. Kundi lilitangulia jumba kwa miaka mitano. Lubumbashi hatuoni kupigania jumba hata kidogo. Wachezaji wa Kiswahili hawakuushambulia ukumbi wa 1956, wala hawakujenga wa kushindana nao. Waliendelea na shughuli zao mahali pengine. Swali lifaalo basi ni wapi, na tangu lini.

Mbeni, misheni, na vijana wachekeshaji

Nadhani inafaa tuanze na beni, ambayo huku kwetu hutamkwa mbeni. Kitabu cha Terence Ranger cha mwaka 1975 kimeifuata ngoma hiyo kutoka pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, hadi bara, ikibebwa na askari na wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, na kuifikisha hadi Elisabethville. Vyama vya mbeni vilikuwa na mfalme, gavana, jenerali na daktari. Vilikuwa na sare, gwaride, tarumbeta na amri. Ranger aliviona kama vyama vya ngoma na vya kusaidiana, na alikuwa na haki. Lakini mtu akiwa kibarua siku sita, na siku ya saba akavaa kofia ya gavana, akatembea kwa mwendo wa gavana, akatoa amri kwa sauti ya gavana mbele ya watu wanaojua fika kwamba si gavana, mimi sioni ni jina gani jingine tutakaloupa mwendo huo isipokuwa uigizaji. Hadhira ipo, vazi lipo, uhusika upo. Kisichokuwapo ni paa.

Tena Kiswahili kimo. Tusisahau kwamba nyimbo na amri za beni ziliienea Afrika ya Mashariki na Kati kwa lugha hii, miaka mingi kabla ya yeyote kufikiria tamthilia ya Kiswahili ya kuchapishwa. Ebrahim Hussein, katika tasnifu yake ya Berlin ya mwaka 1975 kuhusu maendeleo ya tamthilia Afrika Mashariki, alivipa vichekesho vya mijini nafasi ambayo wahakiki wengi kabla yake waliviona havistahili. Kazi kama hiyo kwa upande wa Katanga ingelazimika kuanza na mbeni. (Kwa njia ya mabano: ni mwaka uleule wa 1956, jumba la Strebelle lilipokamilika, ambapo J. Clyde Mitchell alichapisha uchunguzi wake wa ngoma ya kalela, iliyochezwa na wafanyakazi wa mgodi ng'ambo ya mpaka, huko Luanshya. Mavazi ya wachezaji wa kalela yalikuwa suruali safi zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa, na miongoni mwao alikuwapo "daktari". Jumba moja na ngoma moja, mwaka mmoja, ukanda mmoja wa shaba. Na historia zetu zinataja jumba.)

Njia ya pili ilikuwa misheni. Hapa nitapita upesi, kwa kuwa habari zake zimeandikwa zaidi. Mabenedikto walishika shule za Elisabethville na za kambi za Union Minière, na mwaka 1937 padre Anschaire Lamoral alianzisha kwaya ya watoto iliyojulikana kama Waimbaji wa Msalaba wa Shaba. Kutoka mazingira hayo alitokea Joseph Kiwele, mtunzi na mwalimu wa muziki, ambaye baadaye, katika serikali ya Katanga iliyojitenga kuanzia Julai 1960, alikuwa waziri wa elimu. Misheni iliwafundisha vijana kusimama mbele ya watu, kukariri, kutoa sauti. Hilo si dogo. Lakini mchezo wa misheni ulijua mwisho wake kabla haujaanza: mlevi angetubu, mchawi angeumbuka. Vijana walichukua ufundi na kuuacha mwisho huo.

Hivyo ndivyo ninavyovielewa vikundi vya wachekeshaji vya miaka ya 1950, ambavyo kwavyo tunafika kwenye kiini cha suala letu. Kundi la Jecoke ndilo linalokumbukwa zaidi, na jina la Edouard Masengo, mpiga gitaa, linafungamana nalo. Msomaji wa Likasi atakumbuka kwamba gitaa hilo la Katanga ni letu pia, kwani Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, alikuwa hapa Jadotville, kama mji wetu ulivyoitwa mpaka 1966, Hugh Tracey alipomrekodi mwaka 1952. Katika vikundi hivyo muziki na kichekesho havikutenganishwa. Mtu aliimba, akachezesha uso, akaigiza karani au polisi, akarudia kuimba. Walichezea palipokuwa na watu: viwanja vya mitaa, baa, kambi za kampuni. Kutokana na ulimwengu huo ndipo alipotokea mchezaji aliyejulikana kwa jina la jukwaani la Mufwankolo, na kundi lililochukua jina lake.

Kundi la Mufwankolo na jumba la sauti

Kundi hilo lilipata kitu ambacho wachezaji wa Kamĩrĩĩthũ hawakukipata, nacho ni redio, na baadaye televisheni. Kwa miaka mingi michezo yake mifupi ya Kiswahili ilisikika majumbani. Mume mlevi, mke mwenye ulimi mkali, mjomba atokaye kijijini, bosi anayesema Kifaransa kibovu, wote waliingia sebuleni kwetu bila kulipa nauli. Nikiwa mtoto sikujua kwamba wanaofanya hivyo wanaitwa waigizaji. Nilidhani ni majirani wa mji mwingine.

Mambo mawili yalikuwa ya pekee. Kwanza, mchezo haukuandikwa. Wachezaji walikubaliana juu ya kisa, wakagawana wahusika, na maneno yakazaliwa katika kucheza. Pili, lugha ilikuwa Kiswahili cha Katanga kama kisemwavyo: batu wala si watu, kuya wala si kuja, na Kifaransa kikiingia na kutoka kwa ruhusa yake mwenyewe. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha jinsi watawala na wamisionari walivyokichukua Kiswahili cha Katanga, wakakipanga kwa mahitaji yao na kukigawa katika "bora" na "duni". Kundi la Mufwankolo lilipuuza mgawanyo huo. Halikupuuza kwa nadharia. Lilipuuza kwa sababu hadhira isingecheka.

Kwa hiyo Lubumbashi ilikuwa na jumba la tamthilia ya Kiswahili, ila lilijengwa kwa sauti. Ningependa kuishia hapo, kama baadhi ya wahakiki wanavyoishia, na kusifu sanaa isiyohitaji kuta, isiyoweza kubomolewa na tingatinga kama Kamĩrĩĩthũ. Sikubaliani na sifa hiyo. Aliyekosa jumba lake alikuwa mgeni katika la mwenziwe, na redio na televisheni za Zaire zilikuwa za dola, chini ya chama kimoja cha Mobutu. Mgeni hula anachoandaliwa.

Mchezo wa mwaka 1986 watuonyesha bei ya ugeni huo, pamoja na werevu wa wageni wenyewe. Fabian ameueleza kwa urefu katika kitabu chake cha 1990 kuhusu mamlaka na uigizaji katika Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Kwa maelezo yake, yote yalianza mezani, kwenye firigisi ya kuku aliyoandaliwa mgeni, naye akataka kuigawa. Akaambiwa kwa Kifaransa: le pouvoir se mange entier, yaani mamlaka huliwa mazima. Aliwauliza wachezaji maana ya msemo huo. Nao, badala ya kumjibu, waliufanyia mchezo. Mazoezi yalifanyika, na onyesho likapigwa picha kwa ajili ya televisheni katika kijiji cha Kawama, nje ya Lubumbashi, wanakijiji wakiwa ndani yake. Mchezo unahusu kijiji, mtemi wake, na hali inayotokea heshima ya mamlaka inapolegea.

Wasomaji wamevutana kuhusu maana yake. Mtu anaweza kuusoma kama utetezi wa utawala wa mmoja: mamlaka yakigawanywa, kijiji kinaharibika, basi tumwachie mkubwa firigisi yake. Televisheni ya dola ingeupokea kwa usomaji huo, na nadhani wachezaji walilijua hilo. Lakini mwingine atauliza kwa nini sitiari iliyochaguliwa ni ya kula. Katika Zaire ya 1986, ambako kila mtu alijua nani anakula na nani anatazama, kusema kwamba mamlaka huliwa, tena mazima, bila kumbakizia mtu hata kipande, si lazima kuwe ni sifa. Mimi naona mchezo haukuchagua kati ya maana hizo mbili kwa sababu haukuruhusiwa kuchagua, na kwamba uzuri wake umo katika jinsi ulivyolibeba katazo hilo bila kuonyesha mzigo. Hata hivyo nadhani Fabian ameupa mchezo huo uzito kuliko vile vichekesho vya kila juma. Huu ulizaliwa kwa swali la mgeni. Vile vilizaliwa bila kuulizwa. Mwanahistoria wa mchezo wa Lubumbashi angevihitaji vile zaidi.

Maandishi yako wapi?

Navyo viko wapi? Walter Schicho, pamoja na Mbayabo Ndala, walichapisha matini za kundi hilo mwaka 1981, mjini Vienna. Matini za Fabian zilitoka Marekani, Wisconsin. Tunawashukuru, na sisemi hivyo kwa adabu tu, kwani bila wao makala haya yasingeandikwa. Lakini mwanafunzi wa Likasi anayetaka kusoma mchezo uliochezwa kilomita mia na ushei kutoka nyumbani kwao, kwa lugha ya mama yake, hana budi kungoja kitabu kitoke Ulaya, nacho hakiji. Ndiyo sababu anaandika 1956. Tarehe ya jumba anaweza kuipata kwa kutembea katikati ya mji.

Nilipojaribu kutafuta kanda za zamani katika kituo kimoja cha utangazaji, nisichokusudia kukitaja, mhudumu alinipokea vema, akanionyesha rafu. Kanda zilikuwapo, na majina ya michezo yalikuwa bado yameandikwa kwa kalamu kwenye makasha. Alipozifungua tukakuta hotuba, mahubiri na mechi za mpira. Kanda mpya zilikuwa ghali, akasema, na wachezaji wangeweza kucheza tena wakati wowote. Sikuwa na jibu. Kwa mantiki ya sanaa isiyoandikwa alikuwa sahihi kabisa. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba wachezaji nao hufa.

Katika semina yetu tumeanza na kaseti moja iliyoletwa na mzazi wa mwanafunzi, kutoka Panda, aliyokuwa ameirekodi mwenyewe kwa kuiweka redio ya kanda karibu na spika ya redio nyingine. Kuna mlio wa sufuria katikati, na mtoto analia. Tumenakili dakika kumi, nazo zimetuchukua majuma matatu. Mjadala wa kwanza ulikuwa batu au watu. Tumekubaliana batu, japo wawili kati yetu waliomba iandikwe kwamba wamepinga. Mjadala wa pili ulikuwa Kifaransa cha wahusika, kiandikwe kwa tahajia ya Kifaransa au kama kinavyotamkwa, huo tumeuahirisha. Wa tatu haujamalizika. Mara nne katika dakika hizo kumi hadhira inacheka mahali ambapo hakuna kati yetu aonaye cha kuchekesha, na mara ya nne inacheka kwa muda mrefu hata mchezaji ananyamaza kuisubiri. Tumeandika "kicheko", na tumeacha nafasi tupu kando yake.